HOTUBA: UFA WA CHUMA NA WATU WA UDAKTARI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa njia ya Nanyuki. Yamepigwa chapa kwa ombi la wanachama wa Sagana na Karatina ambao hawakuweza kufika.)



Tumepewa nafasi tuseme habari za mikutano ya utafiti katika vyuo vikuu, hasa ile ya wahandisi wa ndege na vyombo vya anga. Tunajua wako kati yenu wanaonong'ona sasa hivi: sisi watu wa mataruma na nyundo, mambo ya ndege yanatuhusu nini? Tunawaomba mvumilie kidogo. Mtaona ya kuwa watu wale wamekalia kiti kilichochongwa na watu wa reli.

Kwanza kazi yenyewe. Mtu akimaliza shahada ya kwanza na ya pili, akataka kuitwa daktari wa elimu, hapewi mtihani wa kujibu maswali ambayo mwalimu anayajua majibu yake. Yeye hutafuta swali moja ambalo halijajibiwa na mtu ye yote, naye hulishughulikia miaka mitatu, minne, na wengine hata zaidi. Katika miaka hiyo husimama mara kwa mara mbele ya waalimu na wanafunzi wenzake, akaeleza amefika wapi. Mkutano huo ndio semina. Akisha kusema, wao huanza kumwuliza: Ulipima kwa chombo gani? Ulipima mara ngapi? Mbona hesabu hii haikubaliani na ile ya mwezi uliopita? Mwisho huandika kitabu kizima na kukitetea mbele ya watahini, na mmoja wao hutoka nje ya chuo ili pasiwe na upendeleo.

Nyinyi mnaijua kazi hiyo. Mweka hazina wetu akisimama na daftari lake kwenye mkutano mkuu, na mzee mmoja kutoka Maragua akauliza shilingi mia mbili za chai zilikwenda wapi, hiyo ni semina. Tofauti ni kwamba kule hakuna anayenuna, au akinuna hufanya hivyo baadaye huko nje.

Tena mtu asidhani udaktari wa namna hii ni jambo la ng'ambo tu. Hapa Nyeri, katika kijiji cha Ihithe, alizaliwa Wangari Maathai mwaka 1940. Alianza shule hapa hapa kwetu, na mwaka 1971 akapata udaktari katika chuo cha Nairobi kwa utafiti wa maungo ya wanyama, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kupata shahada hiyo. Watu wengi wanamkumbuka kwa miti na kwa tuzo ya Nobeli ya 2004, wakasahau ya kuwa kabla ya hayo alisimama mbele ya watahini akaulizwa maswali.

Sasa tuje kwenye chuma.

Tarehe 8 Mei 1842 gari la moshi lilikuwa likitoka Versailles kurudi Paris, nchi ya Ufaransa. Ekseli ya injini ikakatika, mabehewa yakapandana, moto ukawaka, na watu zaidi ya 50 wakafa. Mafundi wa siku zile walistaajabu, kwa sababu ekseli ile haikubeba mzigo kupita kiasi. Ilikuwa chuma kizuri, nayo ilikuwa imefanya kazi siku nyingi bila neno. Wengi walisema chuma kikizeeka hugeuka asili yake. Mskoti mmoja, Rankine, aliyekuwa akichunguza ekseli zilizovunjika, akaonyesha ya kuwa sivyo: ufa mdogo huanza mahali ekseli inapobadilika unene, kisha huingia ndani pole pole, siku kwa siku, mpaka chuma kilichobaki hakitoshi kubeba.

Halafu akaja Mjerumani, August Wöhler, na huyu alikuwa mtu wa reli kabisa, mhandisi wa magari. Katika miaka ya 1850 na 1860 alitengeneza mashine za kuzungusha ekseli zikiwa zimepindwa, mara maelfu kwa mamilioni, akihesabu. Akapata jambo kubwa: chuma kinachoweza kubeba mzigo mzito mara moja, huvunjwa na mzigo mwepesi ukirudiwa mara nyingi. Kila mmoja wetu amekwisha kuvunja waya kwa mkono kwa kuupinda huku na huku. Wöhler alipima huko "huku na huku" kwa hesabu, akaweza kusema ekseli hii itavumilia mizunguko mingapi. Jambo hilo huitwa uchovu wa chuma, na jina hilo linafaa, maana sisi pia hatuvunjwi na siku moja.

Miaka mia baadaye Waingereza walitengeneza ndege ya Comet, ndege ya abiria ya kwanza ya injini za jeti. Mei 1952 ilianza safari za London mpaka Johannesburg, ikitua Entebbe kwa jirani zetu. Januari 1954 moja ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu 35. Aprili mwaka huo huo nyingine ikapotea karibu na Napoli, wakafa 21. Wataalamu wa Farnborough wakachukua mwili wa Comet nyingine, wakauzamisha katika tangi la maji, wakawa wanaujaza na kuupunguza mkandamizo kama vile unaruka na kutua, tena na tena. Baada ya mizunguko kama 3,000 ukapasuka, na ufa ulianzia pembeni mwa tundu la dirisha. Ni ekseli ya Versailles ile ile, imeota mabawa!

Ndiyo maana leo ukiingia katika semina ya wahandisi wa ndege, hutakaa sana kabla hujasikia habari za ufa. Sisi tumepata kukaa nyuma kabisa ya chumba katika semina za namna hiyo. Mwanafunzi anaeleza jinsi anavyopeleka mawimbi ya sauti ndani ya bawa, na sauti ikigonga ufa hurudi kwa namna nyingine. Ndugu, huo si mgongo wa nyundo ya yule mzee wetu anayegonga magurudumu stesheni? Gurudumu zima hulia kama kengele, na bovu hulia kama debe. Vyombo vya sauti vinapimia reli vile vile. Lakini aliyegonga magurudumu miaka ishirini hakualikwa chumbani, na mwanafunzi hajui ya kuwa mtu huyo yuko.

Nchi hii yetu haiko mbali na mambo ya anga. Profesa Luigi Broglio wa shule ya uhandisi wa anga ya Roma ndiye aliyesimamisha majukwaa ya baharini karibu na Malindi, na kutoka huko, tarehe 12 Desemba 1970, likapelekwa juu setilaiti lililopewa jina la Uhuru. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na chuo kile kile cha Roma, kikapeleka angani kisanduku cha sentimita kumi kila upande, setilaiti la kwanza la Kenya. Na hapa mlimani, Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kinafundisha uhandisi wa mitambo, wa umeme na wa upimaji wa ardhi. Kutoka Kiganjo ni safari fupi ya matatu.

Basi tunadai nini? Si kwamba wote tuwe madaktari. Treni ya abiria ilirudi Nanyuki mwaka 2020, juu ya njia iliyokaa miaka mingi bila kazi hiyo. Genge la njia linapita kila siku juu ya reli za zamani, kwenye kona za Sagana na Karatina, nalo linaona mambo ambayo hakuna mwanafunzi aliyeyaandika. Swali la udaktari limelala pale chini ya nyasi. Lakini mnyapara hapewi ruhusa ya nusu siku kwenda kusikiliza, na semina huwekwa saa nane mchana siku ya kazi, kwa Kiingereza kigumu.

Fedha haziwezi kuwa kisingizio. Sheria ya mafunzo ya viwandani humtoza mwajiri shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanya kazi, nazo ni za mafunzo. Tukikaa mezani kwa mkataba mpya, tuweke kifungu cha ruhusa yenye mshahara kwa ajili ya masomo na semina, tena kitaje watu wa njia na wa karakana, siyo wa ofisi peke yao. Hapo pana ubishi, tunajua, na hatutakiacha kwa maneno matamu.

Katika muda huu wa kungoja, halmashauri imekubali kuandika barua chuoni, kuomba semina moja kwa mwaka ifanywe Jumamosi, kwa Kiswahili, na mzee wa nyundo awe msemaji wa kwanza. Kila genge lichague mtu mmoja. Mtakaoona reli yenye ufa, andikeni kilomita, tarehe, na ufa ulianzia wapi, kichwani au kwenye tundu la bolti, mkampe mnyapara ripoti yake kama kawaida, na nakala mpeni Katibu. Daftari liko mezani pale, na kalamu imefungwa kwa uzi.