Kituo cha Maji Taka Hakikamiliki kwa Sherehe



Maji taka hufuata mteremko. Lakini pale ambapo ardhi ni tambarare, au mtaa umekaa bondeni, bomba haliwezi kuendelea kuzama chini bila kikomo. Hapana budi maji hayo yainuliwe kwa pampu, kisha yaachwe yateremke tena. Hiyo ndiyo kazi ya kituo cha kusukuma maji taka. Ni kazi isiyosifiwa na mtu, ila ikisimama mji mzima hujua.

Historia ya London ina fundisho kubwa. Katika kiangazi cha 1858 mto Thames ulinuka hata Wabunge wakataabika ndani ya Bunge lao. Mwaka huo huo sheria ilipitishwa, na mhandisi Joseph Bazalgette akaanza kujenga mifereji mikubwa chini ya ardhi. Mwaka 1865 kituo cha Crossness, kusini ya mto, kilifunguliwa kwa shangwe na mwana wa Malkia. Lakini kituo cha Abbey Mills, ambacho kilitakiwa kuinua maji taka ya mashariki ya mji kwa zaidi ya mita 10, kilikuwa hakijakwisha. Mwaka 1866 kipindupindu kikaingia. Sehemu ambazo mifereji yake ilikwisha anza kazi ziliumia kidogo. Mashariki walikufa watu zaidi ya 5,000. Mtakwimu William Farr alilinganisha vifo na maji waliyokunywa watu, akaonyesha kwamba maji ya eneo hilo yaliingiwa na uchafu wa mto Lea. Abbey Mills ilianza kazi mwaka 1868. Mfereji usio na pampu ulikuwa haujamkinga mtu.

Basi, kituo bora huanzia kwenye mchoro. Pampu zisipungue mbili, na moja ikiharibika, zinazobaki ziweze kubeba maji ya saa ya wingi. Shimo la kukusanyia likiwa kubwa mno, maji hukaa na kuoza. Likiwa dogo mno, mota huwaka na kuzimika mara kwa mara hata ikaungua. Umeme ukikatika, jenereta iwe tayari.

Baada ya kufunga mitambo huja kipimo chenyewe. Kwanza shimo lisafishwe, kwa maana kipande cha mbao kilichosahauliwa na waashi chatosha kuziba pampu. Pili, mzunguko wa mota ukaguliwe. Katika umeme wa fezi tatu, nyaya mbili zikipishana mota huzunguka kinyume; pampu hunguruma, hata maji kidogo hutoka, na mtazamaji hudhani kazi inakwenda. Tatu, nguvu ya pampu ipimwe kwa maji safi. Mlango wa kuingizia ukifungwa, na maji katika shimo lenye eneo la mita za mraba 4 yakishuka mita 1 kwa sekunde 100, pampu imetoa lita 40 kila sekunde. Hiyo ni hesabu ambayo mwalimu yeyote aweza kuifanya ubaoni, na afisa yeyote aweza kuidai kabla ya kutia sahihi.

Tena uhai wa mafundi usichezewe. Hewa ya shimo hilo huweza kuwa na sumu ambayo, ikizidi, huua uwezo wa pua kuinusa. Asiingie mtu kabla hewa haijapimwa, wala asiingie peke yake.

Ndugu, utepe hukatwa kwa dakika moja, bali pampu hutakiwa kufanya kazi usiku na mchana kwa miaka mingi. Bajeti isiyo na fungu la vipuri, mafuta na mafunzo ya waendeshaji ni bajeti ya nusu kituo. Sahihi ya mtumishi juu ya hati ya kupokea kazi ni ahadi kwa watoto wa bondeni. Isitiwe mpaka maji yamepanda.