Homa Imekwisha, Mbona Bibi Halali?

Najua wengine mlitegemea mada ya mapenzi. Itakuja siku yake. Leo tuzungumze habari za bibi na babu.

Chukua mfano huu. Bibi alishikwa na homa kali ghafla, maungo yote yakamuuma, baada ya siku chache homa ikashuka. Sasa ni mwezi wa nne. Usiku unamsikia anajigeuza kitandani, anaamka, anakaa, anajisugua magoti. Asubuhi vidole havikunjiki, kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Nyumbani maneno yameanza: eti anadeka, eti uzee tu, eti jirani kamroga. Wewe unaamini lipi?

Upo ugonjwa unaofanya hivyohivyo. Unaitwa chikungunya. Jina ni la Kimakonde na maana yake ni kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyotembea ameinama kwa maumivu. Uligunduliwa hukuhuku kwetu, katika mlipuko wa 1952 hadi 1953 kwenye nyanda za juu za Makonde, kusini mwa Tanganyika. Virusi vyake huenezwa na mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Mwaka 2004 ulipiga Lamu, na watafiti wakakadiria kwamba robo tatu ya watu wa pale waliambukizwa. Mombasa ulifika mwaka huohuo, ukarudi tena mwishoni mwa 2017.

Wengi hupona. Lakini kwa wengine maumivu hubaki miezi, hata miaka, na wazee ndio huumia zaidi, hasa kama viungo vilikuwa na matatizo toka zamani. Homa imeondoka, lakini uvimbe ndani ya viungo unaendelea. Akilala bila kujinyoosha viungo vinakakamaa, maumivu yanamwamsha. Na mtu asiyelala husikia maumivu zaidi kesho yake. Basi inakuwa mzunguko: maumivu yanafukuza usingizi, kukosa usingizi kunazidisha maumivu. Hapo mtu akiwa mkali kidogo, jamani, si tabia mbaya.

Kinachonitia wasiwasi ni vidonge vya dukani. Unatumwa ukanunue diklofenaki, wiki inapita, unatumwa tena. Kwa mzee, dawa hizo zikitumiwa muda mrefu bila kupimwa zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, na mwenye presha ndiyo hatari zaidi. Kwa hiyo ukitumwa mara ya pili, mwambie kwa heshima, "Bibi, twende kwanza zahanati." Msindikize. Mweleze mganga homa ilianza lini, viungo gani vinauma, anaamka mara ngapi usiku, na dawa zote anazokunywa, hata za miti shamba. Si kila maumivu ya viungo ni chikungunya, kwa hiyo apimwe. Hakuna dawa ya kuua virusi hivi, lakini maumivu yana matibabu.

Nyumbani, asikae kitako siku nzima. Atembee polepole uani, akunje na kukunjua vidole. Kitambaa cha maji ya moto kiasi kabla ya kulala humsaidia mtu. Chai ya rangi na kahawa aziache jioni, ingawa hapo mtabishana! Ndoo ya maji mchotee wewe. Na lala naye chumba kimoja bila woga, hauambukizi kwa kugusana.

Sasa, mbu huyo anatoka wapi? Anatoka kwenye pipa lenu. Huyu hasubiri usiku, anauma mchana, hasa asubuhi na jioni, na anazaliana kwenye maji yaliyohifadhiwa majumbani. Mlipuko wa Lamu ulikuja wakati wa ukame, watu wameweka maji ndani kwa sababu hayapatikani. Wazee wa Lamu walikuwa na akili yao: kwenye birika za nyumba zao walifuga samaki wadogo, wakala viluwiluwi.

Wewe huna samaki, lakini una brashi. Mayai yake hugandia ukutani mwa chombo na hukaa makavu miezi bila kufa, kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kila Jumamosi sugua kuta za pipa kwa ndani, kisha funika vizuri. Vifuu na tairi la uani je? Bibi akilala mchana, mfungie chandarua.

Haya, nani ana swali?