Vifo vya Samaki Mabwawani: Tuchunguze Kabla ya Kumtaja Mtu

(Mazungumzo na wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia, Nyanda za Juu Kusini, pamoja na wageni kutoka mashirika wafadhili)



Tumeombwa tuzungumze juu ya samaki wanaokufa ghafla katika mabwawa ya vikundi yenye perege na kambale pamoja. Taarifa zinazotufikia karibu zote husema kwamba samaki wamekufa "bila sababu". Siku chache baadaye sababu hupatikana, na kwa kawaida sababu hiyo ina jina la mtu: jirani mwenye bustani ya nyanya, au mwanakikundi aliyejitoa kwa hasira. Hapo ndipo mradi unapovunjika, hata kama samaki waliobaki ni wengi.

Tunafuga aina hizi mbili pamoja kwa sababu perege huzaliana mno, na bwawa likijaa vifaranga hakuna anayekua. Kambale wachache hula vifaranga hivyo. Lakini wana faida nyingine ambayo vikundi vingi havijaitumia: ni mashahidi wazuri. Kambale ana kiungo cha pekee juu ya matamvua kinachomwezesha kupanda juu na kuvuta hewa kama sisi. Perege hana. Yeye hutegemea hewa ya oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Basi mkikuta perege wanaelea na kambale wazima, swali la kwanza liwe juu ya hewa, si sumu.

Tueleze jambo hili kwa kirefu kidogo. Ukijani wa maji ni mimea midogo sana. Mchana, jua likiwaka, mimea hiyo hutoa oksijeni. Usiku huitumia, pamoja na samaki, na samadi na pumba vinavyooza chini. Kwa hiyo oksijeni huwa ndogo kuliko wakati wote alfajiri, kabla jua halijachomoza. Siku mbili au tatu za mawingu zikifuatana, mimea hiyo hushindwa kuzalisha hewa ya kutosha kwa usiku. Bwawa lililokuwa zuri Jumatatu linaweza kuua Alhamisi, na hakuna mtu aliyeligusa.

Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa karibu kumshtaki jirani kwa serikali ya kijiji. Tulipofika tuliuliza mambo ambayo yeyote kati yenu anaweza kuuliza. Nani amekufa? Perege, hasa wakubwa. Saa ngapi? Walikutwa asubuhi, na jana yake alfajiri walionekana wakihema juu ya maji. Kambale je? Wazima. Vyura na wadudu wa majini? Wapo, wanaogelea. Dawa za kuulia wadudu wa mimea zikiingia bwawani hazichagui hivyo. Wadudu wa majini na vifaranga huwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Tukaingiza mkono majini, na kiganja kikapotea kabla maji hayajafika katikati ya mkono na kiwiko. Ukijani ulikuwa umezidi. Samadi iliwekwa kila wiki, pumba zikaongezwa ili samaki wanenepe kabla ya Pasaka, na wiki hiyo ilikuwa ya mawingu.

Jirani yule alikuwa ameacha kusali katika jumuiya yake kwa sababu ya maneno.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Acheni samadi na chakula mara moja. Ingizeni maji mapya yakianguka kutoka juu, yarukeruke, na yale ya chini yenye uchafu yatolewe. Ondoeni mizoga isiozee humo. Samaki waliokufa kwa sababu isiyojulikana wasiliwe wala kuuzwa. Wafukiwe mbali na mfereji.

Si kila kifo ni cha hewa. Wakifa wawili leo, watatu kesho, wenye vidonda au mapezi yaliyooza, fikirieni ugonjwa, na mwiteni afisa uvuvi wa wilaya. Wakitaabika alasiri, wakati maji ni ya kijani sana na jua kali, yawezekana ni amonia inayotokana na mavi ya samaki na chakula kilichobaki. Ukali wake huongezeka maji yakipata joto. Huku kwetu kuna baridi ya Juni na Julai pia: perege hupunguza kula, na chakula anachotupiwa huoza tu. Samaki wakipungua bila mizoga kuonekana, tazameni nyayo za fisi maji, kenge, ndege, na (tuseme ukweli) za watu.

Sasa neno kwa wafadhili wetu, kwa heshima. Fomu nyingi za taarifa huuliza vifaranga wangapi wamepandikizwa. Kwa bwawa la samadi na pumba, lisilo na mashine ya hewa, sisi hushauri perege wawili kwa kila mita ya mraba; yaani bwawa la mita 10 kwa 15 litoshe perege 300. Kikundi kikiona kwamba idadi kubwa ndiyo inayosifiwa, kitapandikiza mara mbili yake, na bwawa litalipa kisasi alfajiri moja ya mawingu. Tungeomba fomu iulize kilo zilizovunwa. Tungeomba pia fungu dogo la nauli ya mtaalamu kwa miaka miwili baada ya bwawa kuchimbwa, maana fedha za kuchimba hupatikana upesi kuliko za kufuatilia.

Kwa kamati, ombi letu ni daftari moja kwa kila bwawa. Mtu mmoja wa zamu afike kabla ya jua kuchomoza aandike: samaki wanahema juu au la, maji yana rangi gani, jana walilishwa kiasi gani, mbingu ilikuwaje. Akikuta mizoga, aihesabu kwa aina na ukubwa kabla ya kuitoa. Daftari hilo lije nanyi kwenye kikao kijacho, hata kama kurasa zake ni chache.