Kabla ya Kufunga Turbo, Pima Pampu

Msikilizaji, magari ya watalii yakianza kupanda kutoka geti la Lodoare kwenda ukingo wa Ngorongoro, utauona moshi kabla hujaliona gari. Mengi ni Land Cruiser zenye injini ya 1HZ: silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, dizeli isiyo na turbo. Ukingoni kule ni mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu robo ukilinganisha na wa Tanga au Mombasa. Injini inakosa pumzi. Ndiyo maana wenye magari wanafunga turbo, na siwalaumu hata kidogo.

Ninachokipinga ni kuimalizia kazi hiyo kwa bisibisi. Turbo imefungwa, dereva anazunguka kidogo, anarudi akilalamika gari halivuti. Fundi analegeza nati nyuma ya pampu, anakaza skrubu ya mafuta kwa kukadiria, moshi mweusi unatoka, na wote wanaridhika. Moshi ule ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza.

Hapa ndipo aliyezoea petroli anapopotea. Injini ya petroli hupata joto la hatari mafuta yakipungua. Ya dizeli huungua mafuta yakizidi. Nayo 1HZ huanza kuchoma mafuta katika chemba ndogo zilizomo ndani ya silinda hedi, kwa hiyo hedi ndiyo inayopasuka, jirani kabisa na valvu. Joto likizidi hapo, pistoni inayeyuka.

Pampu yenyewe ina plunja moja tu, inayozunguka huku ikienda na kurudi, ikizigawia nozeli zote sita. Haina oili yake. Dizeli ndiyo inayoilainisha. Pampu iliyonyweshwa maji na mchanga wa kwenye madumu kwa miaka haifai kuongezewa mafuta. Ishushwe, fundi pampu aipime kwenye mashine, njia zote sita, na ikiwa imelika ibadilishwe. Ya kubadilishia iwe ile yenye kikombe cha diaframu juu yake: turbo ikisukuma hewa, diaframu inashuka na mafuta yanaongezeka, turbo ikiwa bado haijaamka, mafuta yanabaki kidogo. Bila kikombe hicho, pampu iliyowekwa kwa ajili ya mwendo wa kasi itamwaga moshi kila gari linapoanza kupanda taratibu.

Wakati wa kuirudisha, alama za mkanda wa taimingi peke yake hazitoshi. Katikati ya kichwa cha pampu, kati ya mabomba ya nozeli, kuna plagi. Inafunguliwa, saa ya kupimia inaingizwa, injini inazungushwa kwa mkono, na mwendo wa plunja unasomwa kwa sehemu za mia za milimita. Nimemtazama fundi akiigonga pampu kwa kiganja, akisoma saa, akigonga tena, ndipo akakaza nati. Huyo anastahili kila shilingi anayodai.

Skrubu ya mafuta nayo ifuate baadaye, sehemu ya nane ya mzunguko kwa mara moja, kisha gari lijaribiwe mlimani likiwa na mzigo. Na kipima joto kiwe kimeshafungwa kwenye manifoldi ya eksozi, kabla ya turbo, si baada yake. Mimi ningeweka mpaka kwenye nyuzi joto 700: sindano ikifika hapo, mguu utoke kwenye mafuta, na skrubu irudishwe nyuma.

Kampuni za utalii zinazonunua turbo ziweke kipima joto na kazi ya pampu kwenye bajeti hiyo hiyo. Karatasi ya vipimo ikae kwenye faili la gari, na skrubu ipigwe lakiri, dereva wa zamu inayofuata asiiguse.