Haki ya Kumaliza Neno



Tunaosema nanyi leo ni watu wenye kigugumizi. Tunawaomba mtuvumilie pale neno litakapokwama; litatoka.

Neno linalotutesa kuliko mengine ni jina letu wenyewe. Maneno mengine huweza kukwepwa: ashindwaye kusema "kesho" atasema "siku ifuatayo". Jina halina badala. Basi afisa anapouliza, "Unaitwa nani?" nasi tukabaki kimya tumekunja uso, hudhani kwamba tunatunga uongo. Mmoja wetu alilazwa mahabusu usiku kucha kwa sababu hiyo tu. Ndiyo maana tumelileta jambo hili mbele ya wanaoshughulikia haki. Shuleni nako, mtoto aliyejua jibu huchagua fimbo kuliko kusimama asome mbele ya wenzake.

Wengi hutuuliza chanzo chake. Kigugumizi hakitokani na kutekenywa utotoni, wala na upungufu wa akili. Kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka 2 na 5, mara nyingi katika ukoo ambao tayari una wenye hali hiyo, na asili yake imo katika namna ubongo unavyoratibu usemi. Yapata watoto 5 katika kila 100 hukipitia. Wengi wao hupona. Kwa watu wazima hubaki yapata 1 katika 100, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Hofu haikizai, ingawa hukizidisha. Na ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akiimba kwaya hakwami. Wapo wanaodai kwa hiyo kwamba tunajifanya!

Kumkata mtoto utando ulio chini ya ulimi kwa ajili ya kigugumizi ni kumjeruhi bure. Kumwambia, "Vuta pumzi, tulia," nako hakumfai, ijapokuwa husemwa kwa upendo. Mzazi na apunguze mwendo wa maneno yake mwenyewe, amtazame mtoto usoni, wala asimmalizie sentensi. Iwapo hali yadumu zaidi ya miezi 6, au mtoto aanza kuogopa kusema, asingoje: ampeleke kwa mtaalamu wa usemi na lugha. Wataalamu hao ni wachache katika nchi zetu, nao hupatikana zaidi katika miji mikubwa; Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafundisha mwaka 2008.

Kwa mtu mzima, mtaalamu mwaminifu haahidi uponyaji. Hutufundisha kulianza neno kwa ulaini, kuacha kukwepa, na kusema mapema, "Nina kigugumizi." Anayeahidi tiba ya wiki moja anatafuta fedha zetu.

Kwa sasa twaomba jambo moja lisilo na gharama. Kamati zenu zizungumze na vituo vya polisi na mahakama za mwanzo, ili mwenye kigugumizi akikwama apewe muda, na akitaka, apewe karatasi na kalamu aandike jina lake.