Kocha mpya na miezi aliyopewa

Mashabiki wa timu za vyuo hapa Kasongo, timu ikifungwa mara mbili chini ya kocha mpya, wanataka aondoke kabla ya Jumapili. Basi tukumbuke Juni 2022. Héctor Cúper, Mwargentina aliyefikisha Valencia fainali mbili za Ulaya na Misri kwenye Kombe la Dunia, alikuwa na Leopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, kwa mwaka mmoja tu. Tarehe 4, kwenye mechi za kufuzu Kombe la Afrika, Gabon wakatufunga 1-0 Kinshasa, tena nyumbani! Siku nne baadaye Sudan wakatupiga 2-1. Cúper akaachishwa kazi.

Agosti akaja Mfaransa Sébastien Desabre. Wengi tulimjua kwa ubaya: mwaka 2019 kule Cairo alikuwa na Uganda iliyotufunga 2-0.

Je, kubadilisha kocha ndiko kulikotuponya? Kwa sehemu. Linalosahaulika ni kalenda. Kombe la Afrika lilisogezwa hadi Januari 2024, na mechi za kufuzu za Septemba zikapelekwa Machi 2023. Desabre akapata miezi ya kutafuta wachezaji na kupanga ulinzi bila pointi kupotea. Mechi nne zilizobaki hakupoteza hata moja, na kule Côte d'Ivoire tukafika nusu fainali.

Cúper hakupata nafasi hiyo. Pengine hata yeye angeitumia vizuri. Mimi nina shaka, maana Morocco walikuwa wameshatufunga 4-1 mwezi Machi 2022, chini yake.

Kocha wa chuo naye aulizwe kwanza: wachezaji wake wamefanya mazoezi pamoja mara ngapi?