Kabla ya Kusema "Walichanganyikiwa"

Kila baada ya ajali kubwa ya moto kuna maneno ambayo hayakosi kusikika. Ofisa fulani husimama mbele ya vipaza sauti, akawapa pole wafiwa, kisha akaeleza kwamba vifo vingi vilitokana na watu kuchanganyikiwa na kukanyagana. Magazeti na redio hulipokea neno hilo kama lilivyo, na kesho yake hata kwenye daladala utasikia watu wakisema: laiti wangetulia! Leo nataka tulipime neno hilo. Maana kama si la kweli, basi tunawatwisha marehemu lawama isiyo yao, na yule aliyefunga mlango anakwenda zake salama.

Wataalamu wa elimu ya jamii wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya nusu karne. Enrico Quarantelli, mmoja wa waasisi wa kituo cha utafiti wa maafa kilichoanzishwa mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alishikilia miaka yote kwamba ile hofu ya kukimbia ovyo bila kumjali mwenzako hutokea kwa nadra sana. Linalotokea mara nyingi zaidi ni kinyume chake. Watu hawakimbii. Wanakaa, wanatazamana, wanaulizana kama ni kweli, wanatafuta mkoba na viatu.

Kuna ushahidi wa picha. Tarehe 11 Mei 1985 kulikuwa na mechi ya mpira katika mji wa Bradford, Uingereza, na kamera za televisheni zilikuwepo. Moto ulianzia chini ya viti vya jukwaa kuu, ambalo lilikuwa la mbao. Katika picha zile unawaona watu wamesimama wakiutazama moto kana kwamba nao ni sehemu ya burudani, wengine wakizipungia kamera mkono. Hawakujua kwamba jukwaa zima lingeshika moto kwa muda usiofika hata dakika 5. Watu 56 walikufa. Mbele yao palikuwa na uwanja ulio wazi, usio na uzio, na wengi walioukimbilia walipona. Lakini wapo waliorudi nyuma, kwenye milango waliyoingilia, wakaikuta imefungwa.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu auone moshi na asiondoke? Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walitoa matokeo ya jaribio ambalo hadi leo linafundishwa vyuoni. Waliwaweka vijana wa chuo katika chumba wajaze fomu za maswali, kisha wakapitisha moshi kwenye tundu la ukutani. Kijana aliyekuwa peke yake, mara 75 katika 100, alitoka kwenda kutoa taarifa. Walipowekwa watatu pamoja, wote wakiwa hawajui lolote, ni katika makundi 38 tu kwa kila 100 ambapo angalau mmoja wao aliripoti. Na pale kijana mmoja alipowekwa na wenzake wawili ambao walikuwa wameagizwa kimyakimya wasijali kitu, aliyeripoti alikuwa mmoja katika 10. Waliobaki walikohoa, wakapepea moshi kwa mkono, wakafikicha macho, wakaendelea kujaza fomu!

Tusiwacheke vijana wale. Kila mmoja alimtazama jirani yake ili ajue kama kuna hatari, na jirani naye alikuwa akimtazama yeye. Wote wakaonekana watulivu, na utulivu ule wa bandia ukawa ndio habari waliyoiamini. Jambo hili linatuhusu sana sisi tuliolelewa kwamba si adabu kuzusha taharuki mbele ya watu. Nani anataka kuwa wa kwanza kupiga kelele kwenye ukumbi wa harusi, halafu ikaonekana kumbe ni jiko la nyama tu?

Nadhani hata yale ya malori ya mafuta yana mzizi huo huo. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori lilipinduka na watu wakaja na madumu kuchota petroli. Waliokufa walizidi 100. Miaka 10 kabla yake, mwezi Januari 2009, yalikuwa yametokea kama hayo Sachangwan nchini Kenya, nako pia walikufa zaidi ya 100. Tumezoea kusema ni umaskini, na umaskini upo. Lakini mtu anayefika pale akakuta wenzake 50 wameinama wanachota, na hakuna aliyeungua, macho yake yanamwambia kwamba hapa ni salama.

Jambo la pili ambalo watafiti wamelithibitisha ni kwamba katika hatari binadamu huelekea kwa anachokijua na kwa anayempenda. Tarehe 2 Agosti 1973 jumba kubwa la starehe liitwalo Summerland, katika Kisiwa cha Man, liliungua na watu 50 wakapoteza maisha. Mtafiti wa Uingereza, Jonathan Sime, alizichambua habari za walionusurika. Aliona kwamba wengi walielekea njia waliyoingilia hata kama mlango wa dharura ulikuwa karibu zaidi, na kwamba watu wa familia moja hawakutawanyika. Wazazi ambao watoto wao walikuwa wakicheza sehemu nyingine ya jengo walikwenda kuwatafuta kwanza. Aliyekuwa akitazama kwa mbali aliona watu wanapishana, huyu anakwenda huku na yule kule, akasema wamepagawa. Kumbe mama alikuwa anamfuata mwanawe. Pale Summerland pia baadhi ya milango ya dharura ilikuwa imefungwa, na taarifa kwa zimamoto ilichelewa mno.

Ucheleweshaji huo wa taarifa una sababu yake, na sababu yenyewe ni ile ile imani kwamba umati ukiambiwa ukweli utakanyagana. Kwa hiyo meneja anaficha. Anamtuma mtu akazime kwanza kimyakimya, na dakika ambazo zingewatosha watu wote kutoka zinakwisha. Watu wanapokuja kuuona moto wenyewe, zimebaki sekunde na mlango mmoja. Hapo ndipo kusukumana hutokea, na hapo ndipo tunapopiga picha na kuandika "walichanganyikiwa".

Wakipewa neno la wazi mapema, watu husikia. Tarehe 28 Mei 1977, katika klabu ya Beverly Hills huko Southgate, jimbo la Kentucky, kijana wa miaka 18 ambaye kazi yake ilikuwa kuondoa vyombo mezani alipanda jukwaani wakati wachekeshaji wakiendelea, akashika kipaza sauti, akawaonyesha wageni milango na kuwaomba watoke. Wapo waliodhani ni sehemu ya vichekesho. Lakini wengi waliinuka wakatoka, na aliokoa roho nyingi. Watu 165 walikufa usiku ule, na bila yeye wangekuwa zaidi. Watafiti waliona pia kwamba wahudumu wengi waliwaongoza nje wateja wa meza zao, kama walivyokuwa wakiwahudumia chakula dakika chache kabla. Hata katika moto kila mtu anabaki na kazi yake: mhudumu ni mhudumu, mwalimu ni mwalimu, kondakta ni kondakta, na abiria wanamsubiri yeye aseme.

Nimeyaeleza haya yote kwa kirefu kwa sababu ya mabweni ya shule zetu. Tanzania tuliwazika wasichana zaidi ya 40 wa Shauritanga, Kilimanjaro, mwaka 1994, na wengine 12 wa Idodi, Iringa, mwaka 2009. Kenya, usiku mmoja wa Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli, Machakos. Bweni lile lilikuwa na milango miwili, mmoja umefungwa, na madirisha yana nondo. Miaka mitatu kabla, wasichana wa Bombolulu katika eneo la pwani walikufa katika hali kama hiyo. Mtu atawezaje kusema kwamba watoto wale waliponzwa na hofu? Mtoto wa miaka 15 aliyeamshwa na moshi usiku, gizani, akakimbilia mlango anaoujua, ametenda sawasawa na yule Mwingereza wa Bradford. Tofauti ni kwamba yeye dirisha lake lilikuwa na chuma.

Mwaka 2008 Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule ambao hauna maneno ya kuzunguka: madirisha ya bweni yasiwe na nondo, milango ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Ni mwongozo mzuri. Baada yake walikufa wasichana wa Moi, Nairobi, mwezi Septemba 2017, na wavulana 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri, mwezi Septemba 2024.

Ninafahamu kwa nini kufuli linawekwa. Mwalimu anaogopa wanafunzi watatoroka usiku, anaogopa wezi wa magodoro, na kwa wasichana anaogopa wanaume watakaoingia. Hofu hizo si za kubuni, na wazazi wenyewe ndio wanaomshikilia shati mtoto akipotea. Lakini mwizi huzuiwa na mlinzi anayekesha, na mlango unaweza kuwekewa komeo la kufunguliwa kwa ndani bila ufunguo. Hayo yanagharimu fedha, na kufuli ni la shilingi elfu chache, ndiyo maana kufuli linashinda kila mwaka.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa bweni, siku ya kufungua shule, ukishalipa ada na kukabidhi ndoo na godoro, omba kuonyeshwa bweni lenyewe. Hesabu milango inayofunguka, si ile iliyochorwa. Zitazame nondo. Kisha muulize mwalimu wa zamu ufunguo unalala wapi, na ni lini mara ya mwisho watoto waliamshwa usiku, taa zikiwa zimezimwa, wakatoka nje huku mtu akitazama saa. Kuuliza si ujinga. Akikujibu kwamba zoezi la namna hiyo litawatia watoto hofu, mweleze habari za vijana wale watatu na fomu zao.

Namba ya zimamoto hapa Tanzania ni 114. Tukutane tena wiki ijayo.